Aliyekataa Kulibana Faili

Habari ya kifo chake niliipata Jumatatu asubuhi kwa simu, kutoka kwa mama mmoja anayeongoza shule ya msingi upande wa Sandoa, mbali na hapa Kolwezi, ambako barabara ikishalowa mvua malori hulala njiani siku nzima na siku ya pili yake. Yeye alikuwa ameipata kabla yangu, kwa sababu ndugu wa marehemu walianza kupiga namba zilizokuwa juu kabisa kwenye simu yake, na ya kwanza ilikuwa ya huyu mama. Alilia kidogo, akanyamaza, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeona aibu: "Mama, tata amekufa. Ile machine yake, ingali inawaka?" Mwingine angesema mama huyu hana moyo, mwili haujafika hata kanisani naye anauliza habari za kompyuta. Mimi nilijua kwa nini anauliza. Nilichukua kitenge changu na pikipiki ya kwanza niliyoikuta barabarani, nikaenda kutazama kama inawaka.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanamfahamu marehemu, ingawa safu hii haina desturi ya kutaja watu. Alikuwa fundi wa simu na kompyuta hapa mtaani Dilala, tukimwita tata, yaani baba, kwa heshima, katika moja ya zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa mgodi, ambayo baba yake alipewa alipoletwa kutoka Kasai kuja kufanya kazi. Kibarazani ndipo palipokuwa duka lake. Nyuma ya kibaraza palikuwa na chumba kidogo, na ndani ya chumba kompyuta moja iliyofunuliwa ubavu, imeungwa kwenye betri za sola na antena iliyo juu ya paa, nayo haikuzimwa usiku wala mchana. Humo ndimo alimoweka faili lake, na mtu yeyote aliyejua ukurasa wake wa mtandaoni aliweza kulipakua bure.

Faili lenyewe lilikuwa picha ya diski. Kwa asiyejua, maana yake ni nakala ya diski nzima, kila kitu mahali pake, imekusanywa kuwa faili moja. Ukichukua kompyuta chakavu, zile zinazoletwa shuleni zikiwa zimeshachokwa na wenyewe, ukaliandika faili hilo kwenye flashi na kuichomeka, kompyuta inaamka ikiwa na masomo ya hesabu, kamusi, hadithi za kusoma kwa Kifaransa na Kiswahili, na video za majaribio ya sayansi, bila kuhitaji mtandao hata kidogo. Marehemu alilijenga kwa miaka mingi, jioni baada ya jioni, na hakuna aliyemtuma. Dosari yake ilikuwa moja tu machoni pa watu: uzito. Lilikuwa na giga nne na kidogo, na yeye alikataa katakata kulibana ili lipungue.

Na hapa sina budi kusema la kwangu. Mimi ndiye niliyemcheka. Niliandika katika safu hii hii kwamba tunaye Dilala mzee wa giga nne, mtu mwema mwenye kichwa kigumu, anayewabebesha walimu gunia zima wakati angeweza kuwapa kifurushi. Niliona nimeandika vizuri. Watu walinisimamisha sokoni wakacheka nami. Kabla ya kuandika nilikuwa nimemuuliza mwenyewe sababu, kibarazani pale, akiwa anapuliza vumbi kwenye simu ya mteja.

"Tata, juu ya nini hauibane? Batu bananunua mégas za internet na jasho."

"Mama, mi nikifunga, batafungua."

"Si njo kazi yake, kufunguliwa?"

"Batafungua bote," alisema. "Kila mutu mwenye itapita mu mikono yake."

Sikuelewa, na sikumwomba anieleze. Niliona ni jibu la mtu aliyeishiwa hoja, nikalibeba hivyo hivyo hadi gazetini. Mwandishi anayekutana na jibu asilolielewa ana wajibu wa kuuliza tena, hasa anapoongea na mtu aliyefanya kazi ile maisha yake yote. Mimi niliona uvivu. Nilikuwa na kichwa cha habari tayari.

Safu yangu ilifanya kazi yake. Chama fulani kinachosaidia shule kilimfuata na gazeti mkononi, kikamwambia hata magazeti sasa yanamsema, akubali mambo ya kisasa. Alikubali, kwa sababu alikuwa peke yake na wao walikuwa wengi. Akalibana faili, akalikata vipande ili simu ndogo ziweze kulibeba, akavitia vyote katika kifurushi kimoja pamoja na ukurasa wa maelekezo na programu ndogo ya kuandikia flashi. Baada ya taabu yote hiyo kutoka giga nne na kidogo lilishuka hadi tatu na nusu, maana video na picha zilizomo zilikuwa zimekwisha kubanwa tangu mwanzo, na huwezi kukamua nguo iliyokwisha kukamuliwa. Chama kilipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Wakati huo mtandao ulikuwa haujafika kwenye shule ya yule mama wa Sandoa, kwa hiyo kifurushi kilisafiri kama vitu vyote vinavyosafiri kwetu, simu hadi simu. Mwalimu mmoja wa mtaa wa Kasulo alikipakua, akampa dereva wa lori aliyewahi kuchimba madini Mutoshi, naye dereva akampa kiongozi wa kwaya aliyerudi kijijini baada ya miaka yake ya mashimo. Yule wa kwaya ndiye aliyekifikisha shuleni. Mikono mitatu, yote safi. Lakini msomaji wa ukanda huu wa shaba anajua tabia yetu: hapa mtu hampi mwenzake mfuko wa madini bila kuufungua. Unaufungua, unachambua, unatoa mawe matupu, unaufunga tena, ndipo unampa, ili anayefuata asibebe udongo bure. Ni heshima, na ni msaada. Huko Kasulo, enzi watu walipochimba chini ya vyumba vyao vya kulala, hata bibi ambaye hajawahi kuteremka shimoni alikaa uani akichambua.

Basi walichambua. Mwalimu alifungua kifurushi, akatoa ukurasa wa maelekezo, kwa kuwa alikwisha kuusoma na aliona hauna haja ya kusafiri. Dereva alitoa ile programu ndogo, kwa kuwa simu yake ilimwonya kwamba ni kitu cha hatari, naye hakutaka kumpelekea mama wa watu hatari. Kiongozi wa kwaya akakuta vipande vikubwa vilivyolingana, na mwishoni kimoja kidogo sana, mabaki ya kukata. Aliona ni changarawe. Akakitoa. Kila mmoja alikifunga tena vizuri, kila mmoja akafurahi kwamba amempunguzia mwenzake mzigo.

Siku kamati ya wazazi ilipokuja kutazama chumba cha kompyuta, mama yule alikuwa amevaa nguo yake ya Jumapili. Alikuwa ameomba flashi na programu nyingine kwa watu, akajaribu kuunganisha vipande vile wiki nzima, na mbele ya kamati akawasha mashine kumi. Zote zilionyesha kioo cheusi na mstari mmoja mweupe. Kamati ilisubiri kwa adabu, kisha ikasema chumba hakiwezi kukaa bure wakati saruji ya ujenzi inaloa nje. Wiki iliyofuata kompyuta zilihamia chumbani kwake, zimefunikwa kwa shuka, na saruji ikaingia darasani. Watoto wa mwaka ule walimaliza shule bila kuigusa hata moja.

Marehemu alipopata habari alikuja ofisini kwetu. Nilijiandaa kugombezwa. Hakunigombeza. Aliketi, akaniwekea mezani simu yake yenye kifurushi kilichorudi kutoka Sandoa, akanionyesha kimoja baada ya kingine kilichotolewa na nani, maana alikuwa amempigia kila mmoja na kumuuliza kwa upole. Ndipo akaniambia kwamba kabla ya ufundi alipima mifuko kwenye depo moja ya madini kwa miaka, na hajawahi kuona mfuko uliofungwa ukapita mikono mitatu bila kufunguliwa.

"Ile fichier nzima, simu yabo haiijui," alisema, akimaanisha faili lisilobanwa. "Inaonekana jiwe moja, haina mulango. Mutu anaiangalia, anaiacha, anaipitisha. Lakini saki, mufuko wa kufunga? Saki inaita mukono."

"Basi balikuharibia, tata."

"Mama, hakuna mwizi hapa. Bote balisaidia."

Nilimwahidi kuandika marekebisho. Alinishukuru, akaenda, akarudisha faili lake zima kwenye ukurasa siku hiyo hiyo, na chama kikanuna. Marekebisho sikuyaandika. Wiki ile kulikuwa na habari nyingine, wiki iliyofuata niliona jambo limepoa, na baadaye nikaona haya. Alinikuta mara nyingi barabarani, akanisalimia, hakuniuliza hata siku moja. Naona ningemshukuru zaidi kama angeniuliza.

Nimelifikiria jambo hili tangu wakati huo, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo hasira inavyonipanda. Sisemi kubana faili ni dhambi. Mtu mwenye mtandao mzuri, kompyuta yenye nafasi na umeme usiokatika, na abane atakavyo, atafungua dakika hiyo hiyo na maisha yataendelea. Marehemu mwenyewe alibana picha za harusi za wateja wake, kwa kuwa aliwajua wanaozipokea. Ninachokataa ni ile sauti ya uhakika. Anayesema "punguza" karibu kila mara ni yule mwenye nafasi tele, na anayelipia upungufu huo ni yule asiye na nafasi hata ya kufungulia kifurushi, ambaye simu yake haiwezi kubeba kilichofungwa na kilichofunguliwa kwa pamoja, ambaye umeme ukikatika katikati ya kufungua anaanza upya. Tunahurumiwa sana sisi watu wa Lualaba. Shaba yetu inaondoka kwa malori, usiku na mchana, nzima, na hakuna anayehofia uzito wake. Ikija zamu ya kitu kuja kwetu, iwe ripoti, mkataba wa mtaa wa watu au masomo ya mtoto, tunaambiwa tumeandaliwa muhtasari, maana kitabu kizima kingetuchosha. Nani kasema tumechoka?

Turudi matangani. Nilipofika Dilala Jumatatu ile, mashine ilikuwa inawaka. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja unaotembea polepole, mtu mmoja anapakua, na namba yake ilikuwa ya Sandoa. Mtandao umefika kule sasa, kwa kusuasua, na yule mama alikuwa ameiweka simu yake kwenye dirisha la shule tangu Jumamosi. Saruji imekwisha kutoka darasani, jengo limekamilika, naye ameomba chumba chake tena. Kamati ilimwambia itakuja Ijumaa kuona kompyuta zikiwaka, na kama haziwaki, chumba kinapewa mfanyabiashara wa mahindi aliyekwisha kukiomba. Hakuna lori litakalopita kwenye mvua hii kabla ya Ijumaa. Alikuwa na mstari ule tu.

Jumatano mchana, uani kumejaa, wanaume kwenye viti vya plastiki na wanawake kwenye mikeka, binamu ya marehemu alifika kutoka Lubumbashi. Ni mhandisi, mtu wa makamo, mwenye heshima zake, na alimlilia ndugu yake kwa machozi ya kweli. Kisha akaingia kwenye kile chumba, akatazama kioo, akatikisa kichwa na kuvuta kiti.

"Sasa njo tunaweza kupanga bitu muzuri," aliniambia. "Giga nne, mu hii miaka? Nita-compresser, naibana, natoa ile kubwa, naweka ndogo pa fasi yake. Ni juu ya heshima yake."

"Hauigusi," nilisema.

"Juu ya nini, mama?"

"Kuna mutu katikati ya kuipakua. Directrice moja wa Sandoa. Amefika theluthi mbili."

"Ataanza mupya. Itakuwa ndogo, itaenda mbio."

"Ataanza mupya na connexion gani? Kamati inakuja Ijumaa. Ukiitoa hii, ile ya kwake inakufa pale yenye imefika."

Alinitazama kama watu wa mashine wanavyowatazama watu wa magazeti. Sikumlaumu, maana mimi mwenyewe nilikuwa yeye miaka michache iliyopita, na kwa maneno mazuri zaidi. Nilichukua ndoo tupu, nikaigeuza, nikakaa mlangoni. Akasema sawa, lakini hata nikikaa hapo haitasaidia: umeme wa mji umekatika tangu asubuhi, betri zinashuka, na zinaendesha spika kubwa za kwaya uani. Hazitafika jioni zikiwa na vyote viwili. Wazee wa ukoo walikwisha kuingia sasa, na mmoja wao akasema haijapata kuonekana mtu wa heshima akazikwa kimyakimya eti kwa ajili ya kompyuta.

Mjane alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, kichwa kimefungwa kitambaa. Alisema bila kuinua uso.

"Zima baffle."

"Mama, batu batasema nini?"

"Baseme. Miaka yote bwana yangu alikuwa anaacha hii machine inawaka, na siye tunakula mu giza. Leo njo muizime? Zima baffle. Tutamulilia na sauti yetu."

Spika zikazimwa. Kisha mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo kwa koo lake mwenyewe, na wengine wakaingia, na niseme kweli, sijasikia kwaya ikiimba hivyo Dilala. Binamu aliutazama mstari unaotembea, akatoka kwenda kusafisha paneli za sola vumbi kwa shati lake. Hatukuongea tena habari za kubana.

Alhamisi jeneza likiwa bado uani simu yangu ililia. Mstari ulikuwa umefika mwisho. Marehemu alikuwa amebandika ukutani karatasi yenye namba ndefu ya herufi na tarakimu; ni namba ambayo simu huikokotoa kutokana na faili lenyewe, na kikikosekana chochote ndani, hata punje, namba inakuwa nyingine. Niliisoma yote kwa sauti, na mama wa Sandoa akanifuata kwenye simu yake tarakimu kwa tarakimu. Nyuma yangu watu walisikiliza kama wanaosikiliza somo kanisani. Ya mwisho ilipolingana hakushangilia. Alilia, kilio kile alichokimeza Jumatatu.

"Iko nzima, mama," alisema. "Iko nzima. Mumwambie."

Mjane alichukua simu mkononi mwangu, akainama juu ya jeneza, akamwambia.

Ijumaa kamati ilikuja na mashine kumi ziliwaka. Mfanyabiashara wa mahindi atatafuta ghala kwingine.

Kwa hiyo leo naandika marekebisho niliyomwahidi, nikiwa nimechelewa kwa muda wa maisha yake yote yaliyobaki. Safu ile niliyomcheka ndani yake naifuta. Hakuwa na kichwa kigumu. Alijua mzigo wake unapita mikono ya nani, na mimi, niliyezaliwa mji huu huu, nilikuwa nimesahau mikono yetu inavyofanya kazi. Nililojifunza kwake ni hili: kabla hujampunguzia mtu mzigo, muulize kwanza anaubebaje. Mashine ya Dilala inawaka. Faili liko kwenye ukurasa wake kama alivyoliacha, giga nne na kidogo, halijafungwa, halijakatwa. Tangu habari za matanga zisambae, barua za kunishauri vinginevyo zimeanza kufika, nyingine zina mantiki nzuri sana, na namkaribisha kila aliyeziandika aje azungumze na mjane uso kwa uso. Mimi atanikuta mlangoni, juu ya ndoo.